Picha ya Baba Niliyoishusha Ukutani

Komarock,
Nairobi.
9 Machi 2025

Mpendwa kaka Mbaluka,

Pokea salamu za nyumbani. Mgongo wako unaendeleaje huko Doha? Usiendeshe lori ukiwa na maumivu. Sisi tu wazima, ila Baba kumbukumbu inazidi kumponyoka. Wiki jana aliniita Mama.

Ufinyanzi unaendelea. Mabakuli sasa yanatoka tanurini bila nyufa, na jirani yetu Kawsar amechukua sita ya kufuturishia wageni.

Uliponipigia simu ukauliza maonyesho ya picha zangu yalikuwaje, nilikujibu "poa tu." Hayakuwa poa, kaka.

Nilikuwa nimemchora Baba kwa rangi ya mafuta, kwenye turubai kubwa, ameketi kwenye kiti alichokichonga mwenyewe. Alasiri moja nikiwa katikati ya kazi aliniambia, "Nataka kuinuka." Nikamwambia, "Tulia kidogo, Baba, mwanga unaondoka." Akatulia. Siku hizi anatii kila neno. Nilipomtazama tena, suruali ilikuwa imelowa, naye ananiangalia kama mtoto anayengoja kuchapwa. Nilipaswa kutupa brashi papo hapo. Badala yake nilimalizia mkono kwanza. Na lile doa la suruali nikalichora.

Siku ya ufunguzi watu walijaa mbele ya picha hiyo wakiisifu. Nami nilifurahi, sikufichi. Kisha shangazi Nthambi akamleta Baba, amevaa koti lake la kanisani. Akaikagua picha polepole, vile alivyokuwa akikagua vinyago vya wanafunzi wake.

"Aliyechora anaijua kazi," akasema. "Lakini huyu mzee ameachwa alowe. Hana watoto?"

"Anao, Baba."

"Wako wapi?"

"Mmoja yuko Doha."

"Na mwingine?"

Shangazi alinitazama, akaelewa, akamshika Baba mkono wakatoka.

Niliishusha siku hiyo hiyo, ingawa msimamizi wa ukumbi alinuna. Iko nyuma ya kabati, nimeigeuza. Kuichoma siwezi. Ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Yeye ni baba yako pia, kwa hiyo nakuuliza: niifanyeje?

Asubuhi sichori tena. Tunakaa mlangoni tukikanda udongo, mimi na yeye. Vidole vyake havijasahau. Jana alifinyanga ndege, akaniuliza jina langu. Nilipomwambia, akasema hata yeye ana binti anayeitwa Ndunge, binti mwema sana. Nikainamia udongo wangu.

Tafadhali piga simu Jumapili uongee naye. Akikuita jina la mtu mwingine, itika tu.

Shangazi Nthambi anakusalimu, na Kawsar pia. Mungu akulinde barabarani na akurudishe kwetu Baba angali hai.

Dada yako anayekupenda na kukukumbuka,
Ndunge