Siyo Mgongo, Mkwe

Ngara, kijijini
6 Agosti 1978

Mwanangu Benedicta,

Salamu zikukute mzima hapo kazini kwako hospitalini Biharamulo, wewe na mumeo na watoto. Sisi huku tunaendelea. Maharage tumevuna, migomba imechoka kwa jua. Anayeandika ni dada yako Adelfina, mimi nasema yeye anaandika.

Mimi si mzima sana. Mgongo unanisumbua tangu masika. Celestini, mume wa Adelfina, si unajua ndiye mganga wa zahanati yetu, ananitumia aspirini na dawa ya kuchua, namshukuru. Mwenye shida ni Mwenyekiti Ansbert. Siku za shamba la kijiji wanawake wengi husema wana mgongo, sasa ametangaza mkutanoni kuwa mgongo ni ugonjwa wa wavivu, na asiyelima asitegemee sukari ya duka la kijiji. Basi nimelima. Nikirudi nyumbani nachechemea mpaka watoto wananiigiza.

Kama huko mna dawa ya mgongo iliyo kali zaidi, nitumie.

Shangazi yako,
Verediana


Biharamulo
21 Agosti 1978

Shangazi, shikamoo.

Barua imefika na sisi ni wazima. Adelfina, nakusalimu, na usiruke neno hata moja unapomsomea mama.

Dawa situmi. Nimekasirika na huyo Ansbert, lakini zaidi nimekasirika kwa sababu umeandika kuwa unachechemea. Katika wodi ya wanawake kila anayeingia anasema mgongo. Tukimwambia aweke mkono panapouma, nusu yao hawaweki mgongoni.

Nisikilize. Mgongo wa chini huuma pale mkanda wa kitenge unapokaa, au kando yake kidogo. Ukishuka hupita nyuma, kwenye tako na nyuma ya paja, mara nyingine mpaka chini ya goti na vidoleni, pamoja na ganzi. Anayeumwa mgongo huteseka akiinama kuokota kitu au akikaa sana. Nyonga ni nyingine. Nyonga huuma mbele, kwenye kinena, ikashuka mbele ya paja, na mara nyingi huishia gotini. Wakati mwingine huuma takoni pia, na hapo ndipo watu wanapokosea. Mwenye nyonga hushindwa kuchuchumaa, hushindwa kukata kucha za mguu wake mwenyewe.

Lala chali, kunja goti, Adelfina ashike mguu aupeleke wayo nje, halafu ndani, polepole. Kama kinena kinapiga kelele, huo siyo mgongo.

Na niambie Celestini alipokupima aliona nini.

Mwanao,
Benedicta


Ngara, kijijini
17 Septemba 1978

Benedicta,

Salamu. Mwandiko huu ni wangu, uvumilie. Kisomo cha watu wazima kimenifikisha hapa, na leo namshukuru Mungu kwa kisomo, maana barua yako Adelfina aliisoma kwa sauti mbele ya wajukuu, akafika kwenye neno hilo akakwama. Wajukuu wakauliza kinena ni nini. Umeniaibisha nyumbani kwangu. Mambo ya mwili mimi ndiye niliyekufundisha wewe kabla ya harusi yako, ndani, mlango umefungwa. Leo unanirudishia kwa posta.

Nimekaa na hasira siku nyingi, kisha nikajilaza nikafanya ulivyosema. Ni mbele. Ni pale pale ulipopataja. Mguu ulipopelekwa ndani nilimpiga Adelfina kofi bila kukusudia. Kuchuchumaa chooni siwezi, najishikilia ukuta. Mgongo ukiubonyeza hauniumi hata kidogo. Tena hapo mbele kuna uvimbe laini kama ndizi iliyoiva, na jioni nasikia baridi, na nguo zinanipwaya.

Unauliza Celestini aliona nini. Angeona nini? Ni mkwe wangu. Tukikutana njiani anaingia kwenye majani nipite. Akija nyumbani husimama nje, nyuma ya ukuta, anamuuliza mkewe, "Mama anaumwa wapi?" Mimi nipo ndani, nasikia. Ulitaka nimjibu mkwe kwamba kinena? Nilisema mgongo. Ndilo neno ambalo mtu anaweza kulipitisha ukutani bila kufa kwa aibu. Naye akaandika mgongo kwenye cheti, na Ansbert akakisoma akacheka.

Shangazi yako,
Verediana


Biharamulo
2 Oktoba 1978

Shangazi, shikamoo.

Samahani kwa aibu ya mbele ya wajukuu. Hiyo tu ndiyo nakuomba samahani, mengine yote siombi samahani, nataka uje.

Nimemweleza daktari wetu. Hawezi kusema kwa hakika bila kukuona na kupiga picha, lakini uvimbe, baridi za jioni na kukonda vinamtia wasiwasi kuwa ni kifua kikuu kilichoingia kwenye mfupa wa nyonga. Kinapona kwa sindano na kwa mguu kufungwa plasta usitikisike. Kikicheleweshwa kinakula kiungo, na mguu hukauka ulivyo. Na wewe unalima. Kila siku unayokwenda kwenye shamba la Ansbert unausaga mfupa wako mwenyewe.

Mwambie Celestini. Mwambie kwa mdomo au kwa karatasi, lakini mwambie, maana bila cheti chake Ansbert hatakuachia nafasi kwenye lori la kijiji. Nina hasira na huyo mkwe wako. Alifundishwa kuwa mgonjwa hatibiwi kwa kusikika. Angekuwa mama wa mtu mwingine angemlaza kitandani akampima. Kwa sababu ni wewe, anakupenda na kukuheshimu, amekutibu kupitia tofali.

Na wewe pia nina hasira nawe. Umenilea, kwa hiyo nakuambia.

Mwanao,
Benedicta


Biharamulo
20 Novemba 1978

Shangazi, shikamoo.

Sijapata jibu. Najua vita hivi na Uganda vimevuruga kila kitu. Hapa wanashuka watu waliokimbia kutoka ng'ambo ya mto Kagera, wanalala mpaka kwenye varanda za wodi, na sisi hatupewi ruhusa ya kutoka hata kwa msiba. Ningekuja mwenyewe kukuchukua. Siwezi, na hilo linanichoma.

Niandikie japo mstari mmoja. Usiponiandikia nitaanza kufikiri mabaya.

Benedicta


Ngara, kijijini
14 Januari 1979

Mwanangu,

Nipo. Usinililie kabla ya wakati.

Malori yote yamepelekwa vitani, na petroli haipo. Lililobaki Ansbert analijaza maharage ya kuwalisha askari. Nilimwomba nafasi akaniambia, "Mama Adelfina, watu wanakufa mpakani na wewe unaniletea habari za mgongo?" Mbele ya watu. Sikulia pale, nililia kwangu. Nikaacha kulima, na sukari wakaninyima, waile wenyewe.

Kumwambia Celestini nilishindwa. Niliandika karatasi nikaichana, nikaandika tena nikaiweka jikoni ikaungua. Nilijiambia kesho. Kumbe yeye naye ameitwa vitani, wanahitaji waganga. Walipomletea sare, ndipo nilipomwambia Adelfina amwite aingie ndani.

Alisimama mlangoni, uso ameugeuzia uani. Nikasema, "Siyo mgongo, mkwe. Ni hapa." Nikaweka mkono. Hakugeuka. Nikamwambia, "Celestini, unakwenda kuwashika watu waliopasuliwa na mabomu, na mimi unaniogopa?"

Akageuka. Akapiga magoti, akaushika mguu akauzungusha kidogo tu, kama ulivyoandika wewe, na kwa ukelele nilioutoa majirani walikuja mbio. Alipouona uvimbe aliinamisha kichwa kwenye kitanda changu akalia. Akasema, "Mama, nilikuona unachechemea tangu masika. Nilijua siyo mgongo. Niliona aibu kuuliza." Alijua, Benedicta. Mimi nilidhani najificha, kumbe alikuwa anajua na kunyamaza, na mimi nalima.

Nilimfukuza. Nilimwambia toka, na maneno mengine ambayo siyaandiki.

Akatoka moja kwa moja kwenda kwa Ansbert. Wanasema aliweka cheti mezani, kimeandikwa nyonga kwa herufi kubwa, akamwambia bila lori hilo haendi popote, wamfunge. Sasa Alhamisi naletwa juu ya maharage. Vijana wa jirani yetu Ndikuriyo watanibeba kwa machela mpaka barabarani. Celestini aliondoka jana. Alisimama nje, pale pale ukutani, akaaga. Sikumwitikia.

Nisubiri.

Shangazi yako,
Verediana


Ngara, kijijini
12 Oktoba 1979

Mwanangu Benedicta,

Salamu nyingi, na asante kwa miezi yote ile uliyonigeuza na kuniosha pale wodini. Toka nirudi nameza vidonge kama mlivyoagiza. Baridi za jioni zimekwisha, nimenenepa, kitenge kinakaa. Mguu haukunjiki, ni mfupi kuliko mwenzake, na hautakunjika tena, daktari alisema kweli. Adelfina ndiye anayenivalisha kiatu. Nakaa mlangoni nimeunyoosha mbele, wageni wanauruka.

Ansbert alikuja kunipa pole. Akasema hakujua. Nikamwambia hujui kwa sababu hukuuliza, na kuanzia leo mwanamke akikuambia mgongo, mpeleke zahanati awekewe mkono, usimpeleke mkutanoni. Hakukaa sana.

Mwezi wa sita, mara tu niliporudi kutoka kwenu, ililetwa barua kutoka Uganda. Jina juu yake lilikuwa langu, siyo la Adelfina. Mkwe hajawahi kuniandikia. Nikaifungua mwenyewe. Ilianza hivi: "Mama, shikamoo. Nyonga inaendeleaje?" Nililisoma neno hilo mpaka macho yakauma. Hakukuwa na ukuta, ameliandika tu, kwa wino, kama mganga anavyomwandikia mgonjwa.

Nimemjibu kwa mkono wangu. Nimemweleza mguu ulivyo, sikumficha kitu. Nimemwambia nina hasira naye ambayo haiwezi kuenea kwenye karatasi, kwa hiyo nimemwekea kiti ndani, karibu na changu, na akirudi asisimame nje. Aingie, akae, aisikie yote.

Jibu bado. Wanamgambo wa kijiji cha Kasulo wamerudi kutoka vitani, na wa Mbuba nao wamepita hapa juzi wakiimba. Nilimwuliza kila mmoja kama amemwona Celestini. Adelfina alitaka kukitoa kiti ili tupate nafasi ya kuanika mtama. Nimemkataza.

Shangazi yako,
Verediana