Usiuze Minazi ya Mama kwa Ajili ya Breki

Nkwenda, Karagwe

Dada yangu Mwanahawa,

Shikamoo. Mwili wangu mzima, wifi yako Zaina mzima, na watoto wanakula matoke mpaka wameusahau wali. Moyo ndio haujatulia tangu barua yako inifikie. Mguu wa Mama unaendeleaje? Na macho je, bado anakutambua kwa sauti tu? Mwambie nampigia magoti huku huku nilipo.

Sasa nije kwenye hilo la pikapu ya marehemu Baba. Eti wakala wa magari hapo Tanga kasema breki zote zibadilishwe gerejini kwake, na bei aliyoitaja hamtaipata mpaka muuze minazi ya Mama. Na shemeji Rajabu kakubali! Kakubali kwa sababu gereji ina vigae na mafundi wanavaa makoti meupe. Lo! Shemeji akimwona mchawi kavaa koti jeupe atampa na mtoto amshikie. Dada, usiuze mnazi hata mmoja. Hebu nikwambie yaliyonikuta, nawe uyasome kwa sauti Rajabu akiwepo.

Unajua nina pikapu, aina ile ile ya Baba, ninayobebea ndizi na kahawa. Huku kila mfanyabiashara hukata alama yake kwenye mkungu, maana mikungu ya watu watano hupakiwa gari moja, na bila alama mtashikana mashati sokoni. Mimi nakata chale tatu na mkato mmoja juu yake, vile vile Mama anavyoikata minazi yake ili wakwezi wasijitie kukosea mti. Mwaka juzi nilifungua magurudumu kusafisha breki, nikachukua msumeno wa chuma nikazitia alama hiyo hiyo breki shuu, yale mabamba yanayobana ndani ya gurudumu. Mkono ulizoea tu, wala sikuwa na hila yoyote.

Mwaka huu breki zikaanza kulegea. Ningefungua mwenyewe, lakini nilishaanza kuitwa tajiri, na tajiri hachafui mikono, au sivyo? Nikaenda hadi Mwanza kwa wakala, safari ya siku mbili. Wakanikalisha kwenye kochi, wakanipa soda. Ukutani wameandika wateja hawaruhusiwi kuingia karakana. Jioni karani mmoja mwenye kucha safi kama bibi harusi akaniletea karatasi ya mihuri mitatu: breki shuu mpya, magurudumu yote manne. Kwa bei ile, dada, ningenunua ng'ombe wa maziwa na ndama wake. Nikalipa, nikashukuru, na mkono nikampa. Mjinga mimi!

Wiki ya tatu nateremka mlima kwenda Rugu, nyuma nimepakia akina mama wanne na magunia yao ya maharage. Nakanyaga breki, mguu unakwenda mpaka chini, gari ndio kwanza linazidi mbio. Wao wanamwita Yesu, mimi natoa shahada. Nikaliingiza gari kwenye migomba ya watu, likasimama. Mama mmoja aliteguka mkono. Hakunidai kitu, na wallahi ni afadhali angenidai.

Kesho yake tukapiga jeki, mimi na mpakiaji wangu Gaspari, mzee wa Nyakakika ambaye wazazi wake walihamia huku na ng'ombe wao kutoka Rwanda. Akachomoa breki shuu ya kwanza, akaifuta kwa shati lake, akaitazama sana. Kisha akacheka mpaka akakaa chini.

"Tajiri, huyu ng'ombe mimi namjua," akasema. "Si mkungu wako huu?"

Chale tatu na mkato juu yake! Tukafungua gurudumu la pili, la tatu, la nne, kote alama yangu. Wale mabwana walizikaza kidogo, wakazipaka rangi nyeusi, wakanirudishia. Nimesikia watu wakiuziwa mbuzi kwenye gunia. Mimi niliuziwa mbuzi wangu mwenyewe!

Nikanunua mpya kwa muuza spea Kayanga, kwa bei ya mikungu michache. Tulianza baada ya chai, na adhana ya adhuhuri ikatukuta tunanawa mikono. Mlima ule nauteremka mara mbili kwa wiki sasa, na Gaspari anasinzia pembeni yangu.

Kwa hiyo fanya wewe, dada. Cherehani ya Mama uliifungua na kuifunga ukiwa na miaka kumi na miwili, breki hazikushindi. Egesha mahali tambarare, zuia magurudumu kwa mawe, na chini ya gari weka gogo, maana jeki haiaminiki, kama watu fulani. Fungua gurudumu moja moja, ili lile lingine likuonyeshe kila kitu kinakaa wapi. Tia mafuta ya breki yenyewe. Yenyewe, Rajabu, si ya nazi! Kuna tajiri mwenzangu hapa alitia ya kupikia, mipira ya ndani ya breki ikavimba, akalala na gari lake kwenye mibuni. Shemeji kazi yake iwe kukanyaga pedali mnapotoa upepo. Mguu anao, hilo ataliweza.

Nisalimie shangazi Mwanaidi anayemwogesha Mama, Mungu amlipe. Msalimie na Mzee Kombo anayetukwea minazi tangu utoto wetu. Shemeji naye mpe salamu, zisizidi nusu.

Ndani ya kifurushi hiki nimekutilia breki shuu mpya na moja kuukuu. Mambo ya gereji usimsimulie Mama, yatamchosha. Ila wakimletea karatasi ya kuuza minazi aweke dole gumba, mpe kwanza hilo bamba kuukuu alipapase. Vidole vyake vitaitambua alama kabla hujafungua mdomo. Mwambie mwanawe aliuziwa kilicho chake, akalipa na kushukuru. Kisha ndipo umuulize kama bado anataka kuuza.

Mdogo wako, aliyeacha utajiri,
Athumani