Nyumba Zisizo na Milango

Kaka yangu,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini u mzima, na lile jino limeacha kukunyima usingizi. Huku tunapumua, na siku hizi hilo latutosha.

Nakuandikia nikiwa katika kisiwa cha visima, kwenye banda letu lilelile nyuma ya nyumba ya shangazi. Hujasahau kwamba kila kiangazi maji ya kwetu yakigeuka chumvi tunahamia huku, kila familia na mlango wake mgongoni, maana mbao ni ghali na upepo wa kule hauna adabu. Wenyeji bado wanatuita Wabeba Milango. Wanatucheka pale gatini, halafu wanatuchotea maji. Mwaka huu wametuvumilia kupita kiasi, kwa sababu hatujarudi kwetu.

Mvua zilipoanza tulipakia milango kama kawaida. Tukafika kwetu, tukakuta uzio na mlinzi. Alikuwa mpole, kusema kweli. Akatueleza kisiwa chetu kimekodishwa kwa watu wa hoteli, kwa kuwa wapimaji wa kisiwa kikubwa walikuja kiangazi, wakaona nyumba hazina milango, wakaandika kwenye ramani kuwa ni mahame. Mahame, na sufuria za Mama zinaning'inia ukutani! Baba akacheka. Alisema wageni hawana kosa, wangejuaje, na kwamba mwanawe yuko ofisi hiyohiyo ya ramani, neno lake moja litamaliza mambo. Akakupigia simu wiki nzima. Hukupokea. Nikamwambia una kazi nyingi.

Mimi nikamfuata nahodha aliyewaleta wapimaji. Alizungukazunguka, akakuna kichwa, mwisho akatapika yote: aliyewaongoza ni wewe. Mkubwa wenu aliuliza kama kuna watu, nawe ukatazama zile fremu tupu ukajibu, "Walishahama."

Kaka, mlango wetu umeubeba wewe tangu ukiwa darasa la tatu. Hata aibu hukuona? Nasikia umepandishwa cheo, una kiti cha kuzunguka. Haya, zunguka.

Baba sikumwambia. Nilimdanganya kwamba siku ile ulikuwa umelazwa, ndiyo maana wageni wakakosea. Aliamini, akawa anakuombea afya mpaka pumzi ya mwisho. Ndiyo, Baba hatunaye tena. Tumemzika huku, kwenye ardhi ya kuomba, kwa sababu mlinzi alitukataza kumrudisha kisiwani kwetu. Amekufa akijivunia wewe. Uongo huo nilimpa yeye, si wewe, na nimechoka nao.

Shangazi anakusalimu. Mama anakusalimu zaidi, maana naye hajui. Mlango ameuegemeza ukutani, anausugua mafuta kila asubuhi, anasema mwanangu anakuja kuturudisha. Basi njoo. Njoo umwambie kwa kinywa chako kwamba tulishahama.

Ni mimi mdogo wako, uliyenibandika jina la
Kidomo