Pikapu ya Baba Iingie kwa Injini Yake

Jumapili, 29 Juni 2025. Gitega

Daftari hili lilikuwa la fizikia. Kurasa nne zimejaa, nyingine zote tupu — ndiyo historia yangu ya shule. Kuanzia leo ni la pikapu.

Baba mdogo Nazario kapiga simu kutoka nyumbani, Butihinda. Kuganduka kwa baba ni tarehe 2 Agosti. Mwaka wa msiba unafungwa, watu wanakunywa, halafu familia inatamka mbele ya wote nani anarithi nini. Shamba la juu lina mtu. La chini lina mtu. Ng'ombe ana watu wawili wanaogombana. Imebaki pikapu, imelala kwenye garaji ya Mzee Houssein hapa Gitega tangu baba alipougua. Thomas, mfanyabiashara wa Muyinga, anaitaka. Injini ataifunga kwenye mashine ya kusaga mahindi. Bodi itakatwa, watengeneze mbabula.

Baba yangu awe jiko la mkaa!

Nikasema mi nitaileta. Sikufikiri, mdomo ulitangulia kama kawaida yake. Kule simu ilikuwa kwenye spika, nikasikia wanacheka, na mama yumo. Baba mdogo hakucheka. Alisema hivi, naandika neno kwa neno: "Elikana. Ikiingia rugoni, hapa uani kwetu, kwa injini yake, watu wakiona, ni yako. Ikisukumwa au ikivutwa, Thomas anaondoka nayo jioni hiyohiyo."

Nikamwambia mwezi mzima wa nini, wiki moja inanitosha. Kwa nini nilisema wiki moja? Sijui. Huyo Elikana hanishirikishi.

Jumatatu, 30 Juni

Garaji. Pikapu iko nyuma kabisa, mbuzi kafungwa kwenye bampa. Nikafungua mlango kwa mbwembwe, kama mrithi. Kuku! Kuku wa mke wa Houssein anaatamia kwenye kiti cha dereva. Mayai tisa. Kanidonoa mkono hadi damu.

Mzee Houssein alikuwa amekaa juu ya tairi, anakunywa chai. Fundi wa miaka thelathini, kofia yake ya kusalia ndiyo kitu pekee kisicho na grisi hapa. Amemtengenezea baba gari tangu tuliporudi kutoka Tanzania. Nikamjulisha kwamba kule Kasulu nilifanya kazi garaji. Ni kweli. Nilifua maovaroli.

Akaniuliza gari ikilala, kitu gani kinakufa kwanza. Nikajibu haraka: batri.

"Mwenye gari," akasema. Akaendelea na chai yake.

Kuhusu kuku, mke wake katoa hukumu: hasogei mtu mpaka vifaranga vitoke. Siku kumi na mbili. Basi nitaanzia nje.

Jumamosi, 5 Julai

Houssein alisema nianze na freni na mipira ya mafuta, kule chini hakuna kuku. Nilimsikia vizuri kabisa. Nikaanza na rangi.

Nyekundu! Ilibaki pale dada Jeska, ninayekaa kwake, alipopaka geti lake. Kwenye kapo, kifuniko cha injini, nimeandika kwa nyeupe, herufi kubwa: MFALME WA BARABARA. Mfalme hajatembea hata mita moja. Nimefunga pia honi ya sauti tatu, niliinunua kabla ya kununua hata boliti. Mbao za mikaratusi pande zote za bodi, nimezipiga randa mwenyewe, upande mmoja umepanda kuliko mwingine. Ukisimama ukiinamisha kichwa kidogo, ziko sawa.

Mbuzi kajikuna kwenye bampa rangi ikiwa mbichi. Sasa ana ndevu nyekundu. Anatembea katiye, mtaa mzima, akinitangaza.

Houssein alizunguka gari mara moja, mikono nyuma. "We mutoto, unamupaka maiti rangi ya mudomo." Mafundi wote wakacheka. Mi pia nikacheka, kwa sauti kubwa kuliko wao, ndiyo njia yangu.

Jumapili, 6 Julai

Wiki moja imeisha. Baba mdogo kapiga: imefika wapi? Nikasema bado kung'arisha tu.

Jumamosi, 12 Julai

Vifaranga saba. Kuku kahama kwa heshima zote. Kiti kimebaki na kinyesi ambacho nadhani kitadumu kuliko chuma.

Jumatano, 16 Julai

Leo jibox, sanduku la gia, iko chini, juu ya gunia. Nimeiangalia. Yenyewe imeniangalia. Hatujuani.

Nimelala chini ya gari siku nne na ndipo nimejua kitu. Baba alikuwa anafunga kila kilichokatika kwa mkanda wa mpira wa tairi la ndani. Ekzosi, mpira. Bomba la maji, mpira. Pedali ya mafuta, mpira, fundo juu ya fundo. Nikachukua kisu ili nisafishe takataka hizo, tuweke vitu vya kisasa. Houssein akanishika kiganja. Tukahesabu pamoja: kumi na nne. Kumi na moja akaniruhusu nikate. Mitatu akakataa. Alisema mapiesi yake, vipuri vyenyewe, hayapatikani nchi hii, labda Dar, na hiyo mitatu ndiyo imeshika gari mpaka leo.

"Kata," akasema, "halafu utajua baba yako alikuwa nani."

Sikukata. Nilifunga kisu. Nilijifanya nimeona buibui.

Jumanne, 22 Julai

Imewaka!!!

Mara ya kwanza ilikohoa. Ya pili ikatema moshi mweusi, panya wawili wakatoka nyuma, mmoja mkubwa sana. Ya tatu — ule mlio. Kama mzee anasafisha koo kabla ya kusalimia. Nilikuwa naujua kabla sijajua kusoma. Tulikuwa tunausikia baba akiwa bado bondeni, mama anaanza kupakua.

Houssein aliniuliza nalia nini. Nikasema moshi. Akasema moshi unaenda upande ule.

Alhamisi, 24 Julai

Mazuti hakuna, dizeli yenyewe. Stesheni zote kavu, foleni ya magari yasiyo na madereva, wamekwenda kulima. Kuna jamaa anayeleta kutoka mpakani. Ana mazuti lakini hana chombo: njoo na bidoni, dumu lako mwenyewe. Na Gitega sasa hivi bidoni tupu ni kama mwanamke mzuri, ina mwenyewe.

Nimechukua moja ya Jeska. Anaitumia kwa urwarwa, ile pombe ya ndizi anayouza. Hakuwepo, sikumsumbua kwa maswali. Niliisuuza kwa maji, nikanusa. Harufu ndogo tu, ya kirafiki. Lita ishirini zimeingia. Mfalme amekunywa, bidoni imerudi mahali pake.

Jumamosi, 26 Julai

Sitaki kuandika. Naandika.

Majaribio. Nimevaa miwani ya jua. Houssein aliniambia nizunguke ukuta wa garaji, basi. Lakini barabara ya soko ilikuwa pale pale, na ilikuwa Jumamosi. Nikapiga honi sauti zote tatu. Watu wakageuka! Wauza nyanya wakageuka! Nikatoa kiwiko dirishani. Nikapunga mkono kwa mtu nisiyemjua.

Katikati kabisa ya soko ikaanza kutetemeka. Ikapiga chafya. Ikaenda hatua tatu, ikasimama, ikaenda mbili, kama mtu anayetafuta mlango wake usiku. Ikazima mbele ya mama mmoja muuza dagaa. Akasoma kapo taratibu, kidole kwa kidole. Akaniuliza malkia yuko wapi.

Nilisukumwa kurudi na wapagazi sita. Nashukuru baba mdogo yuko mbali, la sivyo kesi ingekuwa imeisha hapo.

Houssein kafungua filitre, chujio la mafuta. Kanusa. Karuka nyuma kama kaona nyoka.

"Astaghfirullahi! Umenipatia gari mulevi."

Masira ya urwarwa, yale mazito ya chini, yamejaa kila mahali, pamoja na maji yangu ya kusuuzia. Alikataa kugusa. Amesema miaka thelathini hajashika pombe, hataanzia kwenye filitre. Nimefungua tangi mwenyewe, nimeosha mwenyewe, yeye ananielekeza kwa fimbo akiwa mita tatu.

Jumatatu, 28 Julai

Tumeyaacha mazuti yatulie kwenye ndoo mbili, uchafu na maji vikashuka. Nikachota juu, nikachuja kwa kitambaa mara nne. Kutoka lita ishirini tumepata kumi na nne. Jamaa wa mpakani hajaonekana tena. Hizo ndizo, hakuna nyingine.

Jeska naye kagundua bidoni yake. Wateja wake wawili wamerudisha urwarwa, wanasema inanuka lori. Hajanifokea. Kaniwekea ugali bila mboga na kaniambia kwa sauti ya chini kabisa: "Ukikosa hilo gari usirudi hapa kunisimulia." Afadhali angenifokea.

Ijumaa, 1 Agosti. Muyinga

Tumefika Muyinga! Kupitia Karuzi, taratibu, bila kuzima hata mara moja. Houssein kaja pia. Mi sikumuomba. Alikuja na godoro dogo, sanduku la spana, na chakula chake, akakaa kiti cha pembeni, akasema anakwenda kumsalimia dada yake Muyinga. Dada huyo sikuwahi kumsikia. Kweli yupo, tunalala kwake, ana pilau.

Mlimani alinikataza kukanyaga. Mteremkoni alinikataza kuzima. Vumbi la kiangazi limeingia kila tundu, mfalme sasa ni wa kahawia. Mkanda wa mpira wa pedali unashika. Kila ninapokanyaga nauona.

Kwa simu mama kaniomba nipakie kreti za kinywaji hapa Muyinga, kumi na nane, na madumu ya urwarwa. Bila kinywaji hakuna anayesimama kuongea, kwa hiyo shughuli yote iko mgongoni kwangu. Houssein alihesabu kwa vidole: mazuti yanafika, na ziada kidogo, nikienda moja kwa moja.

Na hapa naandika ukweli kwa sababu hakuna anayesoma. Alipoingia msikitini kwa ajili ya Ijumaa, mi nilibaki na gari. Vijana wa stendi wakaja kuishangaa. Mmoja akasema kale ka gari hakawezi kupanda na mzigo. Nikamwambia panda uone. Nikauzunguka mji. Mara mbili. Ya pili na honi.

Jumamosi, 2 Agosti. Butihinda, saa tano na nusu asubuhi

Niko ndani ya gari. Gari iko kwenye mlima wa kwetu, chini ya rugo, mita mia tatu hivi. Naliona shitingi la bluu, turubai la shughuli. Naona viti. Naona watu wote wamesimama wanatuangalia.

Imezima. Siyo chafya, siyo ulevi. Imekauka. Houssein kachovya kijiti kwenye tangi, kakitoa kikavu, kakiangalia, kaniangalia mimi. Nikamwambia kuhusu Muyinga. Ile mizunguko miwili. Sikuulizwa, nimesema mwenyewe. Hakunitukana. Alichukua chupa ya maji, akamwaga maji, akateremka kwa miguu kutafuta mazuti hadi barabara kubwa ambako tulipita lori la maharage limesimama. Kofia yake nimeiona mpaka kwenye kona.

Vijana walishuka wakitaka kusukuma. Niliwafukuza kwa mawe. Kweli, mawe madogo.

Wanawake wakaja, wakachukua kreti, kichwani, moja moja. Mama alikuwa wa mwisho. Alisoma kapo. Alifuta vumbi kwa ncha ya kitenge, akasema rangi ni nzuri. Akapanda na dumu lake.

Thomas kaja na gari yake, mpya, tangi limejaa. Kageuza mbele yetu, kashuka na kamba. Ana adabu, hilo ndilo baya. Kasema pole, mdogo wangu, watu wana njaa, niwavute tumalize. Nikamuomba lita moja ya mazuti. Kacheka kidogo, akainama kufunga kamba kwenye bampa yangu. Upande wa pili kaufunga kwake.

Saa sita kasoro. Baba mdogo ameshuka. Peke yake, koti la suti, viatu vya kung'aa. Kafungua mlango wa upande wa Houssein, kaingia, kakaa. Kaniuliza naandika nini. Nikasema orodha ya mapiesi.

Kaangalia sakafuni, kwenye pedali, muda mrefu. Kainama kaigusa kwa kidole.

"Hii nilimshikia taa wakati anaifunga," akasema. "Hapa hapa. Yeye naye alikuwa anaishiwa mafuta hapa hapa."

Nikamuuliza, halafu walikuwa wanafanyaje?

"Mimi nilikuwa nasukuma."

Mi nimeshika kalamu ili mikono iwe na kazi. Thomas kawasha gari yake, kamba imenyooka, imeinuka kutoka kwenye vumbi. Bampa imelia. Houssein haonekani kwenye kona.

Baba mdogo amezungusha kioo mpaka chini, kwa taabu, kile kioo kinakwama katikati. Kamwambia Thomas neno moja:

"Subiri."

Subiri nini, hajasema. Anavua koti.