Kiti cha Inchi Kumi na Tisa

Kilosa,
12 Juni 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mpe na Mama shikamoo yake, umwambie nimeuliza magoti yake kabla ya kuuliza kitu kingine chochote. Bado anashika mwimo wa mlango wa jikoni ndipo ainuke kwenye kigoda? Mwambie pia kwamba ule utani wake, kuwa alipimwa kiti mwaka mliooana na hadi leo anakisubiri, nimeusimulia ofisini na watu wamecheka sana. Mimi huku ni mzima kiasi, na hilo neno "kiasi" ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kwenye simu nisingeweza, maana wewe ukishaniuliza hali tu unamkabidhi Mama simu kana kwamba inakuunguza.

Binamu Hezekia, atakayekuletea barua hii, nimemwagiza asiondoke mpaka uisome yote. Mkalishe kibarazani, mpeni chai. Atajifanya ana haraka kwa sababu ya mzigo alioubeba kwenye kenta yake, lakini ameniahidi, na njia nzima ya kupitia kijiji cha Ulaya amekuja akijua hivyo.

Kazi yangu hapa kwenye chama cha wakulima inaendelea vizuri. Tangu tuletewe kompyuta, majina yote ya wanachama yanapita mikononi mwangu, nami nakaa kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Nakaa kwenye kiti chako. Baba, hujui jinsi kiti kile kinavyosifiwa. Wageni hukisalimia kabla yangu. Wanashika egemeo lake, wanatafuta msumari hawauoni, kisha wanauliza mninga kama ule unapatikana wapi siku hizi. Meneja wetu, Mzee Boniface, husema kitatuzika sisi sote. Nami najibu kwa maringo kwamba fundi ni baba yangu, na mabenchi yote ya kanisa letu kule nyumbani ni ya mkono wake.

Najua pia lile tusilolisema. Mikono yako ilianza kutetemeka mwaka uleule ulipokiunda, na baada ya kiti changu hukushika randa tena.

Sasa nisikilize. Mwaka jana, baada ya Pasaka, mgongo ulianza kuniuma. Nilisingizia ndoo za maji, nikasingizia baiskeli, nikabadilisha hata godoro. Ikafika mahali mguu wa kulia unakufa ganzi mchana, nikisimama nashika meza kama bibi kizee. Wenzangu wakaanza kunong'ona kwamba labda kazi hii niwaachie wengine, na mimi mwenyewe nilianza kuwaza hivyo. Kila kitu nilikisingizia, isipokuwa kiti.

Mwezi wa nne mwaka huu nikaenda hospitali kumwona mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Ni dada mpole. Aliniambia nikae kama ninavyokaa kazini, nikakaa ukingoni kabisa mwa kiti chake. Akauliza kwa nini sirudi nyuma nikaegemea. Nikamweleza kwamba nikirudi nyuma miguu yangu inaning'inia, na kwamba chini ya meza nimeweka boksi la karatasi la kukanyagia, ila limeshabonyea. Alicheka kidogo, akaomba radhi. Akasema mtu wa kukaa siku nzima inabidi nyayo zake zote mbili zikanyage sakafu, magoti yawe usawa wa nyonga, mgongo upate pa kuegemea pale chini unapopinda, na mabega yasipandishwe na meza. Akasema kiti kinatakiwa kimfuate mtu, na mimi nimekuwa nikikifuata kiti. Kisha akaniuliza nani alinichagulia. Nikamjibu kwamba nilikikuta ofisini.

Ndiyo, Baba. Nilikukana waziwazi, na yule dada wala hakunibana.

Barua aliyoniandikia kuhusu kiti niliipeleka kwa Mzee Boniface, naye bila maneno mengi akakubali ofisi inunue kiti kingine, nichague mwenyewe. Akanisindikiza dukani, na nadhani alikuja kujichagulia yeye. Alikipenda kiti kikubwa cheusi chenye mgongo unaopita kichwa. Akakikalia, akazunguka nacho mara mbili, akasema mtu wa ofisini lazima aonekane. Nilipokikalia mimi, miguu ikaning'inia vilevile. Muuzaji akasema nitazoea. Nikamwambia kuzoea nimezoea miaka miwili, sasa natafuta kukaa.

Nilijaribu vitano. Kimoja kilinikata nyuma ya magoti, kingine egemeo lake lilikuwa juu kama limetengenezewa twiga. Cha mwisho kilikuwa pembeni, cha wavu wa kijivu na plastiki, kibaya cha sura, hata muuzaji hakuhangaika kukifuta vumbi. Nikavuta kishikio cha chini, kikashuka taratibu, kikashuka, mpaka nyayo zangu zikatua sakafuni. Nikasogeza egemeo likanishika kiunoni. Baba, maumivu yalinyamaza. Nilikuwa nimesahau ukimya huo ukoje, na machozi yakanitoka palepale mbele ya watu. Mzee Boniface akadhani nalia kwa sababu kiti ni kibaya, akaninong'oneza kwamba tunaweza kurudi kwenye kile cheusi.

Basi hicho ndicho ninachokalia wiki ya sita sasa. Ganzi imekwisha, mgongo unarudi. Cha kwako nilikataa kisitupwe stoo. Nikaona nikipeleke kwa fundi Kulwa, nyuma ya stendi, anikatie miguu inchi tatu ili nikitumie nyumbani. Kulwa ni kijana wa wale wafugaji waliohamia Rudewa, lakini useremala anaujua. Alikizunguka kiti kwa muda mrefu, akaniuliza mara tatu kama kweli nataka. Nikasema nataka. Akaweka msumeno kwenye mguu wa nyuma wa kushoto, akavuta mara mbili, akasimama. Alisema anataka kwanza aone mguu umeungwaje, kwa heshima ya aliyeunga. Akakipindua. Halafu akaniuliza Lea ni nani.

Chini ya kikalio kuna mwandiko wako wa penseli. Lea. Goti 19. Paja 18.

Nilikaa chini kwenye maranda. Hukunipima mimi, Baba. Nilikuwa huku Kilosa tayari, na nakumbuka nilipokuuliza kwenye simu ulisema hakuna haja, kipimo unacho. Watu wote wa kanisani husema Yunis ni Lea mtupu, nawe ukawaamini. Sura ni ya Mama, sawa. Sauti ni yake. Lakini miguu yangu ni yako, mifupi kama yako, na hukuwahi kuitazama. Kile kipimo ulikichukua mwaka mliooana. Kazi za kanisa zikaja, kazi za shule zikaja, na wewe ukakibeba kichwani miaka yote hiyo hadi mikono ilipobakiza kiti kimoja. Ukakitengeneza cha Mama, ukakituma kwangu.

Kuna jambo jingine sijakuambia, na ndilo linalonitia haya kuliko yote. Hospitali ile ilikuwa hapohapo Mikumi. Nilishuka stendi asubuhi, nikatibiwa, nikapanda gari la kurudi mchana, na sikupita nyumbani kuwasalimu. Mngeuliza nimekuja kufanya nini, na ningelazimika kusema kiti chako kinaniumiza. Mama aliponipigia kwamba Agness wa genge ameniona, nilisema amenifananisha. Nimelala na uongo huo tangu mwezi wa nne. Naomba mnisamehe wote wawili. Ile alama ya msumeno pia ni yangu. Kulwa alitaka kuiziba, nikamkataza, kwa sababu nisingependa uipapase siku moja ujiulize.

Msalimie mchungaji na majirani. Msalimie na Agness, umwambie macho yake ni mazima, aliyemwona ni mimi.

Sasa mwambie Hezekia amalize chai, afungue turubai ashushe. Usimweleze Mama kitu. Ondoa kigoda, weka kiti mahali pake, mwambie akae arudi nyuma kabisa, kisha utazame nyayo zake. Na akiinuka bila kushika mwimo, nipigie simu wewe mwenyewe, Baba, na usimkabidhi mtu.

Ni mimi mwanao mwenye miguu yako,
Yunis