Likizo Nisiyoiomba

Jumatatu, 3 Machi

Mpwa wangu ameleta programu ya kuendeshea karakana yake ya useremala. Mauzo, stoo, mishahara, wateja — vyote humo. Nikauliza imewekwa kwenye kompyuta ipi. "Haikai hapa, mjomba. Iko mtandaoni. Unaifungua popote, hata kwa simu." Basi ofisi ni ya nini? Na mimi msimamizi wake? Sikuuliza.

Jioni binti mtaalamu aliyekuja kuifunga programu akatangaza: hakuna mlango wala dirisha litakalotoka getini bila idhini yangu. Mpaka kidole changu kibonyeze! Binti amelelewa vizuri.

Jumatano, 5 Machi

Kila mfanyakazi ajaze taarifa zake. Mafundi wamejaza ovyo. Nimewarudisha wote waanze upya. "Mwalimu hakustaafu, alihama darasa tu," fundi mkuu akanong'ona, akidhani sisikii. Nasikia.

Zangu nimezijaza kikamilifu. Likizo nilizochukua tangu niajiriwe hapa: hakuna. Niliandika kwa fahari.

Alhamisi, 6 Machi

Programu imenikatalia kuingia. "Uko likizo. Pumzika vyema!" Na picha ya kiti cha ufukweni!

Binti anasema imejumlisha likizo zangu za miaka yote na kunipa kwa mpigo — hadi mwakani. Nikamwambia sikuomba. Mafundi walicheka mpaka randa zikasimama. Mpwa akanishika bega: niende tu nyumbani, watarekebisha. Niende "tu"!

Ijumaa, 7 Machi

Nyumbani. Nimepanga vifuniko vya sufuria za mke wangu kwa ukubwa. Hakushukuru. "Baba watoto, hicho kiti chako kingependeza zaidi barazani." Kikatolewa kabla sijasimama sawasawa.

Karakana haijapiga simu. Hata mara moja.

Jumamosi, 8 Machi

Wamepiga!

Lori limepakia milango ya zahanati na limekwama getini. Programu inataka idhini ya msimamizi. Msimamizi yuko likizo. Nikasema wanirudishe kazini, basi. Nako kunahitaji idhini — ya msimamizi. Nilicheka peke yangu barazani, Mungu anisamehe.

Baadaye binti akapata njia. Fundi mkuu aingizwe mahali pangu. Nambari ya siri itatumwa kwenye simu yangu, niwasomee, kwisha. Nikauliza kama ni kwa leo peke yake. "Tutaona, babu," binti akajibu.

Tutaona!

Fundi mkuu akamnyang'anya simu. Nyuma yake dereva anapiga honi. "Mwalimu wangu, tuhurumie! Wagonjwa wanatibiwa nyuma ya mapazia!" Leo ndiyo adabu imempata.

Mke wangu anauliza kwa nini siwasomei. Amekwisha kunipigia pasi shati la kazi. Sijui ni la kurudi nalo kazini au la kwenda nalo kuaga.

Nambari hizi hazidumu; ukichelewa kidogo, zinafutika. Mbili zimekwisha kufutika. Nimewaambia natafuta miwani.

Ya tatu imeingia sasa hivi. Fundi anapiga tena. Mke wangu amesimama mlangoni na shati mkononi, ananitazama.

Miwani ninayo usoni.