Watoto Wanne wa Hema Namba Tisa

Jumatatu, 5 Agosti

Panya hema namba tisa. Watoto wanne, nyuma ya kitanda, turubai la ndani lilipochanika. Wamelala kwenye sponji ya kuzuia baridi, macho bado hayajafunguka. Utaratibu ni kumwita fundi — na fundi huja na koleo. Nimerudisha kitanda mahali pake. Wiki moja tu, wakikua waende zao. Mdogo wangu simwambii. Tunafagia hema hizi za watalii kwa zamu, lakini hana kifua cha kutunza siri.

Jumanne, 20 Agosti

Wiki imekuwa mbili. Wamenenepa! Sijui wanakula nini. Kinyesi chao nakifagia kabla wageni hawajafika, vumbi mpaka puani. Leo wameingia wazee wawili, mke na mume, wameshikana mikono tangu getini. Nimewapa blanketi la ziada.

Ijumaa, 6 Septemba

Kambi imefungwa. Wageni watano wako hospitali, homa kwanza, kisha kifua kinabana. Mzee wa namba tisa alifariki jana. Yule wa kushikana mikono. Nimejifungia stoo ya mashuka nikalia.

Bwana Afya katukusanya. Ugonjwa unatoka kwa panya: kinyesi kikikauka, ukakifagia, unauvuta na vumbi. Ilitakiwa kumwagia maji ya klorini kwanza, kisha kufuta kwa kitambaa. Miaka sita nasifiwa kwa fagio langu kavu. Akauliza nani aliona panya. Mdogo wangu aliangalia viatu vyake, mimi vyangu.

Jumamosi, 7 Septemba

Nimemwendea Bwana Afya, nimesema yote. Hakunigombeza — afadhali angenigombeza. Akauliza nani mwingine alifagia namba tisa. Nikamtaja mdogo wangu.

Nimemkuta kwake amejifunika blanketi, saa saba mchana, jua kali. Eti mgongo tu, ameinama sana. Nimemgusa shingo. Moto. Nikamwambia mficha maradhi kilio humfichua, akasema nimeanza kuongea kama mama. Nimemvisha viatu mwenyewe, kama enzi za shule.

Jumapili, 8 Septemba

Wodini. Nesi anasema pumzi bado nzuri, siku mbili hizi ndizo zitaamua. Naogopa.

Mdogo wangu kanivuta mkono. Akasema ana jambo la kuniambia, nisimkasirikie. Namba tisa kulikuwa na panya. Alikuwa akiwapelekea makombo ya mkate kila zamu yake. Hakuniambia kwa kuwa mimi na usafi wangu ningemwita fundi.

Nimecheka mpaka machozi, kisha yakabaki machozi. Nikamwambia hata mimi niliwaona, wanne. Akasema watano, mmoja alikuwa anajificha chini ya wenzake. Halafu akamkumbuka yule mzee, akageukia ukutani. Nimemsugua mgongo mpaka akatulia.

Nesi kasema na mimi nipimwe. Naandika nimebana kipimajoto kwapani. Mdogo wangu ameshika saa yangu, ananihesabia dakika, anasema bado, dada, usiangalie —